Mitambo Miwili, Antena Moja

Stesheni ya FM inapopata fedha za transmita ya pili, hesabu huonekana nyepesi: ya kwanza ikizima, ya pili itashika zamu. Lakini ukiifuata kazi yenyewe mpaka kilimani, utakuta kununua transmita ndiyo sehemu rahisi. Ugumu umo kwenye kisanduku kidogo kinachoamua lini zibadilishane, na zaidi lini zisibadilishane.

Tuchukue mfumo wa kawaida wa wati 1,000. Kuna transmita A na B, kila moja na eksaita yake (sehemu inayozalisha masafa), swichi ya mota yenye matundu manne, na kifaa cha kufyonza nguvu ambacho mafundi hukiita dami lodi. Kila kitu, antena na fida (kebo inayoilisha) pia, ni cha omu 50. Swichi ina mikao miwili tu: ama A inalisha antena na B inalisha dami lodi, ama kinyume chake. Kwa mpangilio huo fundi anaweza kuiwasha B kwa nguvu kamili, akaipima na kusikiliza sauti yake, huku wasikilizaji wakiendelea kumsikia mtangazaji kupitia A. Sharti ni kwamba dami lodi iweze kubeba wati zote 1,000 mfululizo. Wabana matumizi hununua ndogo wakidai itafanya kazi dakika chache tu. Ikishaungua, B haijaribiwi tena, na taratibu inageuka duka la spea za A: leo feni, kesho pawasaplai.

Swichi hiyo haitakiwi kusogea nguvu ikiwa inapita. Migusano ikiachana katikati ya wati 1,000, cheche huruka na kuila. Kwa hiyo kisanduku kwanza hunyamazisha transmita zote mbili, kisha huzungusha swichi, husubiri ithibitishe kwamba imekaa sawasawa, ndipo huruhusu nguvu irudi. Waya wa uthibitisho huo upite kwenye kufuli ya usalama ya transmita zenyewe. Kuitegemea programu peke yake ni kujitakia shari, maana programu hukwama. Zoezi zima huchukua sekunde chache, na msikilizaji husikia mkwaruzo mfupi tu.

Sasa uamuzi wenyewe. Wengi hupanga kisanduku kiihukumu A nguvu yake ikishuka hadi nusu, yaani desibeli 3. Kiwango hicho hakina ubaya. Kinachosahaulika ni muda wa kusubiri. Pale ambapo umeme hukatika na kurudi mara kadhaa kwa siku, A huhitaji sekunde kadhaa kuamka: eksaita ishike masafa yake kwanza, kisha nguvu ipande. Kisanduku kisicho na subira huona wati sifuri na kuhamia B, ambayo nayo ndiyo kwanza inaamka, kisha kikarudi A. Nimeona mfumo ukicheza hivyo mpaka mlinzi akazima swichi kuu. Muda wa kusubiri uzidi muda wa kuamka, na kisanduku kikishahama kibaki hapo hapo hadi fundi akirudishe kwa mkono.

Hatari kubwa zaidi ni nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Uwiano wa mawimbi yaliyosimama (SWR), unaopima nguvu hiyo, ukiwa 1.5 kwa 1, asilimia 4 ya nguvu hurudi, na transmita huvumilia. Ukifika 2 kwa 1, hurudi asilimia 11 hivi, yaani wati 110 kati ya 1,000. Maji yakiingia kwenye fida au radi ikipiga antena, A hujizima ili ijilinde, na imefanya vyema. Kisanduku kinachopima nguvu inayotoka peke yake huona A imeshindwa, kikaitupa B kwenye moto ule ule. Ndiyo maana kipimo cha nguvu inayorudi kiwe na kauli ya mwisho: ikizidi kiwango, hakuna kuhama, na meseji iende kwenye simu ya fundi.

Kuna na kosa la kinyume. Kiungo cha kutoka studio kikikatika, A huendelea kurusha wati 1,000 za ukimya, na kisanduku huridhika kabisa. Hapo kinatakiwa kifaa cha kugundua ukimya, pamoja na chanzo kingine cha sauti pale pale kilimani, hata kama ni kadi ya kumbukumbu iliyojaa muziki.

Wapo wasiotaka mkatiko hata wa sekunde moja. Hao huunganisha transmita mbili za wati 500 kupitia hibridi, kifaa kinachojumlisha nguvu zake, zikafanya kazi pamoja kila siku. Moja ikifa, antena haibaki na wati 500 kama wengi wanavyotarajia. Hubaki na 250, kwa sababu nusu ya nguvu ya ile iliyo hai huishia kwenye dami lodi ya hibridi. Hata hivyo matangazo hayakatiki, na mjini wengi hawatagundua. Fundi akifika, huikwepa hibridi kwa swichi na kupata wati 500 kamili. Kwa stesheni yenye fedha, mimi ningechagua njia hii.

Njia zote mbili huishia kwenye mnara mmoja. Tarehe 10 Agosti 2021, moto ulizuka kwenye mnara wa Bilsdale, kaskazini mwa Uingereza, wenye urefu wa zaidi ya mita 300. Televisheni na redio zikapotea katika eneo kubwa, na mnara wenyewe ukabidi kuangushwa mwezi Oktoba. Transmita ya akiba iliyofungwa chini ya mnara wa namna hiyo haina pa kupeleka nguvu.

Stesheni ndogo haiwezi kujenga mnara wa pili, lakini inaweza kuigawa antena nusu mbili, kila nusu na fida yake. Kabla ya hapo, hata hivyo, ifungue kabati la umeme. Mara nyingi A na B zinakula kutoka breka moja.