Kutunza bila Kuchungulia

Tunapotembelea wazee kati ya Musoma, Bunda na Butiama, tunakutana na swali jipya. Watoto wako Mwanza au Dar es Salaam. Mama amebaki peke yake nyumbani, wala hataki kuhama. Basi watoto wanaleta kamera. Mjane mmoja tuliyemtembelea alikuwa ameifunika ya kwake kwa kanga. "Mchungaji," alisema, "simu ya mwanangu hushikwa na wakwe pia. Nitavaaje mbele yao?"

Mama huyo alitukumbusha habari za Nuhu. Alipolala uchi hemani, Hamu alimwona, akatoka kusimulia. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Wote watatu walijua hali ya baba yao, lakini wawili tu ndio waliomheshimu.

Kwa kipimo hicho, vipo vifaa vinavyokwenda kinyumenyume. Kihisi mwendo hutambua badiliko la joto mtu anapopita; hakipigi picha wala hakinasi sauti. Huko Japani, mwaka 2001, kampuni ya Zojirushi ilianza kutoa birika la umeme linalowajulisha watoto kwamba mzazi amelitumia. Birika lisipoguswa asubuhi, mtoto anajua kwamba inafaa kupiga simu. Mzazi hakuonekana, wala hakusahauliwa. Hilo tunalisifu.

Hata hivyo tuna mashaka mawili. La kwanza, habari za mzee anayeishi peke yake zikiangukia mikono mibaya ni silaha. Katika Kanda hii ya Ziwa, ambako wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, saa anayolala bibi haipaswi kujulikana ovyo. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nasi tuanze nyumbani, kwa kumwomba mzee ruhusa kabla ya kupigilia msumari.

La pili ni zito zaidi. Umeme wa LUKU ukiisha, kifaa kinaweza kunyamaza. Na hata kikisema mama hajaamka, hakiwezi kumwinua. Mtoto aliye Dar es Salaam hawezi kufika asubuhi ile, jirani anaweza. Kwa hiyo namba ya kwanza kupokea ujumbe iwe ya jirani au ya mzee wa kanisa aliye karibu, kama mwenye nyumba amekubali. Amri ya Nne haitimizwi kwa kununua kifaa tu. Bwana wetu pale msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyesimama karibu, naye akamchukua nyumbani kwake.

Basi tuulizane katika jumuiya zetu: mzee anayeishi peke yake asipofungua mlango kesho asubuhi, nani atakwenda kupiga hodi?