Kipepeo Mmoja, Majina Matatu

Mvua zikishakolea, viwanja vya Nyakato, hapa Musoma, ambavyo bado havijajengwa hujaa vipepeo wa rangi ya chungwa. Ncha za mabawa yao ni nyeusi, na ndani ya weusi huo kuna madoa meupe. Mpige picha mmoja, iweke kwenye programu ya iNaturalist, na simu itakupa jina Danaus chrysippus hata kabla hujairudisha mfukoni. Mara nyingi itakuwa imepatia. Nami nililikubali jina hilo kwa picha nyingi tu, mpaka jioni moja umeme ulipokatika nikawa sina la kufanya ila kuzipitia upya. Baadhi yao hawakuwa Danaus hata kidogo. Walikuwa majike wa Hypolimnas misippus, kipepeo mwingine kabisa aliyevaa nguo za mwenzake. Danaus hula akiwa kiwavi mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu ya mimea hiyo humkaa mwilini, ndiyo maana ndege wakishamwonja humwacha. Hypolimnas hana sumu hiyo. Anaponea kwa kufanana.

Ukitaka kuwatenganisha, tazama bawa la nyuma. Danaus ana vidoa vyeusi katikati ya bawa hilo, vitatu kwa jike na vinne kwa dume. Hypolimnas ana kidoa kimoja tu, juu, karibu na ukingo wa mbele. Kisha tazama ukingo wa nje: wa Danaus umenyooka vizuri, wa Hypolimnas una vidato vidogo kama pindo la kitambaa cha kufuma. Kichwa na kifua cha Danaus ni vyeusi vyenye vitone vyeupe, kama aliyenyunyiziwa chokaa. Yote haya yanaonekana kwenye picha ya simu ya kawaida, ila sisi tuna haraka ya jina.

Kumbe fumbo hilihili la vipepeo wanaoigana lilishamkalisha mtu macho katika ziwa letu la Victoria zaidi ya miaka 100 iliyopita, upande wa kaskazini. Jina lake G. D. Hale Carpenter, daktari Mwingereza aliyeajiriwa na serikali ya Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 alipelekwa visiwani kuchunguza mbung'o wanaoeneza malale. Ugonjwa huo ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa upande wa Uganda, na serikali ilikuwa imewahamisha wakazi wa visiwa. Akajikuta katika nchi iliyoachwa, msitu ukirudi juu ya mashamba. Kazi yake ilikuwa mbung'o. Vipepeo walikuwa starehe ya baada ya kazi, na aliyoyaona alimwandikia Profesa Poulton wa Oxford kwa barua.

Kipepeo aliyemshika akili ni Pseudacraea eurytus. Maumbo yake yalikuwa yameshapewa majina kama spishi zinazojitegemea: hobleyi, terra, obscura. (Hobley aliyeachiwa jina hapo alikuwa mtawala wa kikoloni na mpenda viumbe, mmoja wa walioanzisha chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, Nairobi, mwaka 1909.) Kila umbo linafanana na kipepeo tofauti wa msituni ambaye ndege hawampendi, kwa hiyo ukiwapanga mezani huwezi kuamini kwamba ni ndugu. Mwaka 1910 Karl Jordan, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Rothschild huko Tring, Uingereza, alikwisha kusema ni spishi moja. Alipima viungo vya uzazi vya vipepeo waliokaushwa. Hoja ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa hoja ya pini na sanduku.

Carpenter alikuwa na kitu ambacho Jordan hakuwa nacho, yaani jike aliye hai. Alimpata jike, akamwacha atage, akawalisha viwavi, akangoja. Mama mmoja akatoa watoto wa maumbo tofauti. Basi. Hakuna jicho la bingwa lililohitajika tena, wala ubishi wa rangi. Ukiwa na mama na watoto wake mkononi, swali la kama ni spishi moja au tatu limekwisha. Naiona hii kuwa kazi safi kuliko zote alizofanya, pamoja na ile ya baadaye ya kuwapa kima wadudu wa kila rangi aone ni wadudu gani watawatema.

Hatua yake ya pili ina utata kidogo, na ndiyo inayotuhusu zaidi. Carpenter alihesabu. Hakuhesabu wale wa ajabu peke yao; aliandika pia ni wangapi kati ya vipepeo wanaoigwa, wale wabaya mdomoni mwa ndege, walionaswa mahali palepale, kipindi kilekile. Karibu na Entebbe, ambako wanaoigwa walikuwa wengi, vipepeo wa katikati, wasiofanana vizuri na yeyote, walikuwa wachache mno. Visiwani, ambako wanaoigwa walikuwa haba, wa katikati walijaa. Maelezo yake ni kwamba ndege asiyekutana na mbaya mara kwa mara hana funzo la kukumbuka, kwa hiyo mwigaji aliyekosea rangi haadhibiwi.

Mimi nina wasiwasi mmoja. Mtu mwenye wavu huvutwa na kilicho cha ajabu, na jicho la Carpenter lilikuwa kali kwa vitu vya ajabu. Hesabu ya namna hiyo inasimama tu kama aliyehesabu alinasa kila kilichopita mbele yake, kizuri na kibovu. Hata hivyo, ile tofauti ya Entebbe na visiwa ilikuwa kubwa mno kusingiziwa jicho peke yake. Miaka ya 1970 D. A. S. Smith aliwafuatilia hawahawa wetu, Danaus na Hypolimnas, Dar es Salaam, na kazi yake nayo ilisimama juu ya kuhesabu maumbo mwezi baada ya mwezi.

Sasa turudi kwenye simu. Kumbukumbu ya iNaturalist hupanda daraja la utafiti ikiwa na picha, tarehe, mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa majina wakikubaliana. Wawili wanatosha. Kisha inaweza kwenda GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe yenye ofisi Copenhagen. Maana yake mimi nikiridhia jina la mashine bila kutazama bawa la nyuma, na mwingine akaniridhia mimi kwa heshima tu, kosa la Nyakato linaingia hazinani likiwa na muhuri. Mashine yenyewe imejifunza zaidi kwa picha za Marekani na Ulaya, hivyo usiitegemee ijue ya Musoma kuliko wewe. Na sisi tunaopiga picha tuna ugonjwa wetu: tunampiga kipepeo mara moja, tukishampata hatumrudii. Wa kawaida hahesabiwi kamwe, na bila yeye hesabu ya Carpenter haiwezekani.

Kufuga, kwa upande mwingine, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Hypolimnas anataga kwenye lile gugu laini lenye shina jekundu na majani manene linalotambaa uani na kwenye matuta ya mchicha. Portulaca oleracea ndilo jina lake la kitabuni. Kiwavi ni mweusi, mwiba mtupu, kichwa chake kina rangi ya kutu na pembe mbili. Kopo la plastiki, kipande cha chandarua juu, majani mabichi kila siku, kinyesi kimwagwe. Akishajining'iniza kichwa chini na kugeuka bundo, ngoja wiki moja hivi. Akitoka wa rangi ya chungwa ni jike. Akitoka mweusi mwenye madoa makubwa meupe yanayong'aa zambarau pembeni, usiseme umechanganya makopo: huyo ni dume, kaka wa yule wa chungwa.

Jirani yangu aliyenikuta nimechuchumaa kwenye tuta lake aliniuliza, "Mwalimu, sasa magugu nayo yanapigwa picha?" Nilimwonyesha kiwavi. Akarudi nyuma hatua mbili, akasema mwaka huu anapalilia mapema.

Msomaji wa Nyakato, nakuomba jambo moja kabla hujashika jembe. Pindua majani kwanza, andika tarehe, na uhesabu wote, hata wale unaowaona kila siku.