Cheap si "rahisi" tu



Kuna kivumishi kimoja cha Kiingereza tunachokitamka kila siku huku ughaibuni, na kamusi zetu za mfukoni zinakimaliza kwa neno moja: cheap ni "rahisi". Basi! Mimi naona hapo tumejipunja.

Zamani cheap haikuwa kivumishi hata kidogo. Ilikuwa nomino, ceap katika Kiingereza cha kale, yaani biashara, mauziano. Wataalamu wengi wanairudisha kwenye caupo ya Kilatini, mchuuzi mdogo au mwenye kilabu cha mvinyo. Ndugu zake wapo: kaufen ya Wajerumani (kununua), na København, bandari ya wafanyabiashara. Kwa hiyo mtaa wa Cheapside kule London si "upande wa bei poa", palikuwa soko. Watu walisema good cheap, biashara njema kwa mnunuzi. Kufikia karne ya 16 good ikadondoka, cheap ikabaki peke yake na maana ya bei ya chini. Dharau ya kitu hafifu ikaja baadaye.

Sisi nasi tuna safari yetu. "Bei" kwa Mwarabu ni kule kuuza. Kwetu ni kiasi kinachotajwa. "Rahisi" yake ni hasa ya gharama ndogo, mzizi mmoja na "ruhusa", na Mswahili akaipanua hadi kwenye kazi isiyo na taabu. Mwanangu anasema hesabu ni rahisi, mama yake anasema nyanya ni rahisi, wala hawagombani. Lakini ile dharau ya Kiingereza haimo humo. Kitu duni tunakiita duni.

Kwani kuna ubaya gani? Hapa Brampton, mji uliotajwa kwa miaka mingi kati ya ile yenye bima ya gari ghali kabisa Ontario, wakala mmoja aligawa karatasi: "Bima rahisi". Kwenye Kiingereza chake ilikuwa cheap. Mzee mmoja wa Bukavu, jirani yangu, akaelewa kwamba ni bima isiyo na usumbufu wa makaratasi, akatia sahihi. Malipo yalikuwa madogo kweli. Alipogonga nguzo ndipo alipojua kwamba haikulipia gari lake mwenyewe. Ndani ya ile cheap mlikuwa na "hafifu", na mfasiri hakuiona (au aliiona akanyamaza). "Bei nafuu" ingemwonyesha angalau kwamba kinachonadiwa ni bei, naye mzee, mfanyabiashara wa siku nyingi, angeuliza kilichopunguzwa ni kipi.

Halafu siku hizi nasoma "mwanamke rahisi" magazetini. Hiyo kwangu ni Kiingereza kilichovaa kanga. Mwenye ushahidi wa matumizi hayo katika tenzi za kale au kwa wazee wa pwani, tafadhali aulete.

Nawasilisha.