Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mithali hii twaijua sote, wala hatuipingi. Lakini leo twataka kuipima kwa mgeni wa namna moja, yaani mtafiti atokaye chuo kikuu. Yuaja Bariadi na barua yake ya ruhusa, huketishwa chini ya mti, huuliza habari za ng'ombe na mvua na magonjwa, huandika, hushukuru, kisha huenda zake. Je, mwenyeji amepona?

Na tutazame jambo lililotokea katika Usukuma wetu. Katika miaka ya 1920 na 1930 wataalamu wa mbung'o walikuwa na makao yao Shinyanga, na watu walikusanywa kufyeka mapori. Mbung'o walipungua, hatukatai. Bali miti nayo ilikwisha, na mashamba ya pamba na makundi ya mifugo yalipozidi, nchi ikawa tupu. Mwaka 1986 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Siku zile Bariadi ilikuwa bado katika mkoa huo. Wataalamu walipowasikiliza wazee, walikuta dawa iko nyumbani tangu zamani. Ndiyo ngitili, malisho yafungwayo wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa jembe. Sheria zake zililindwa na dagashida, yaani baraza la wenyeji. Kazi ile iliendelea hata mwaka 2004, na ngitili zikarudi kwa maelfu ya hekta.

Hapo twasifu kwa moyo wote, maana elimu ya chuo na elimu ya zizini zilishikana mikono. Lakini sifa isitufumbe macho. Mwaka 2005 ulitolewa utafiti juu ya faida za ngitili, na miongoni mwa waandishi wake walikuwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Walikadiria faida hiyo kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Habari njema! Ila ilichapwa kwa Kiingereza. Mzee aliyelinda nyasi zile hawezi kusoma hesabu ya mali yake mwenyewe. Na siku atakapokuja mtu kuitaka ardhi ile iwe shamba, mzee atamjibu kwa karatasi gani?

Sisi wenyewe tumepata kuwafasiria wageni maswali yao mchana kutwa, tukaahidiwa kuletewa majibu. Miaka imepita, hayajaja.

Walakini tusiwalaumu wao tu. Nasi twaficha idadi ya ng'ombe zetu. Twajibu lile tudhanilo mgeni apenda kulisikia, tukitumaini msaada. Utafiti wa namna hiyo ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga, na itakapoanguka itatuangukia sisi.

Basi, kabla mgeni hajauliza swali lake la kwanza, baraza na liulize yake. Ni nani aliyechagua jambo la kuchunguzwa? Wazee watoao elimu yao, je, majina yao yataandikwa, wakiridhia? Na ni lini atarudi kutusomea aliyoyaona, kwa Kiswahili au Kisukuma, mbele ya mkutano wote? Ajibuye vema apewe kiti, nasi tumwambie kweli tupu. Hapo mwenyeji atapona, na mgeni hatakwenda na uongo mfukoni.