Nukta si Sentensi: Zana za Kuhesabu na Uchambuzi wa Nathari ya Kiswahili

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya insha na ile ya fasihi, huenda umekwisha kukutana na zana hizi. Ni kurasa za intaneti ambamo mtu hubandika kifungu chake, akabofya mara moja, na papo hapo akaambiwa kina maneno mangapi, sentensi ngapi, na wastani wa maneno katika kila sentensi. Mwisho hupewa alama ya wepesi wa kusoma, kana kwamba ametahiniwa. Hapa Ndalu, mpakani mwa Bungoma na Trans Nzoia, simu moja ya mwalimu yatosha kulitia darasa zima katika zoezi hili. Makala haya yanauliza swali moja tu: zana hizi zinahesabu nini hasa zinapotiwa Kiswahili?

Tusianze kwa kuzikejeli. Kuhesabu si jambo geni katika fasihi yetu. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, mizani ilikuwa miongoni mwa sheria alizozisisitiza, na hadi leo mtahiniwa huulizwa idadi ya mizani, vipande na mishororo. Mtahini wa insha ya KCSE naye huhesabu. Maagizo husema insha isipungue maneno 400, na mwongozo wa usahihishaji umezoea kumwelekeza akadirie kwa mistari: mwandiko wenye maneno 9 kwa mstari hutarajiwa kujaza ukurasa mmoja na nusu, wenye maneno 7 kurasa mbili. Insha isiyozidi maneno 174 huwa ni insha robo, na kuanzia 375 ni insha kamili. Katika ufupisho, ole wako ukipita idadi uliyopewa. Ughaibuni nako, mtakwimu Udny Yule wa Cambridge alichapisha mwaka 1939 utafiti uliotumia urefu wa sentensi kuchunguza nani hasa aliandika vitabu vilivyozozaniwa. Kwa hivyo hoja si kama tuhesabu au tusihesabu. Hoja ni kipimo.

Chukua sentensi ambayo mtoto wa darasa la pili ataisoma bila kigugumizi: Mama alinunua mahindi sokoni. Ina maneno manne na silabi 13. Zana nyingi za mtandaoni hutumia fomula ya Rudolf Flesch, aliyoitangaza Marekani mwaka 1948. Fomula hiyo huanza na 206.835, ikatoa wastani wa maneno kwa sentensi mara 1.015, kisha ikatoa wastani wa silabi kwa neno mara 84.6. Alama huwekwa kwenye ngazi ya 0 hadi 100, na kadiri inavyokaribia 100 ndivyo maandishi yanavyodaiwa kuwa mepesi. Sasa tia sentensi yetu. Silabi 13 kwa maneno 4 ni wastani wa 3.25. Ukikokotoa utapata hasi 72. Naam, hasi! Tafsiri ya sentensi hiyo hiyo kwa Kiingereza ina maneno sita na silabi nane, nayo hupata karibu 88. Mama ni yule yule, mahindi ni yale yale, soko ni lile lile. Lakini la Kiingereza ni jepesi kama unyoya na letu limezama chini ya sufuri, mahali ambapo hata kitabu cha sheria hakitarajiwi kufika.

Kosa si la Flesch, kwa maana aliitunga fomula yake kwa ajili ya Kiingereza. Ni la anayeihamisha bila kuuliza. Neno alinunua limebeba nafsi, wakati, mzizi na kiishio. Sokoni limebeba nomino na mahali. Lugha yetu huambatanisha pale Kiingereza kinapotawanya. Kuna kipimo kingine, cha Robert Gunning, cha mwaka 1952, ambacho huliita neno lolote la silabi tatu au zaidi neno gumu. Kwa kipimo hicho, maneno matatu kati ya manne ya mama yetu wa sokoni ni magumu! Mwanafunzi anayeambiwa hivyo na mashine atahitimisha nini kuhusu lugha yake?

Jibu la swali hilo si la kinadharia. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniletea insha kuhusu mafuriko, akiwa amekwisha kuipitisha katika zana ya aina hii. Katika nakala ya kwanza aliandika hivi:

Mvua iliponyesha usiku kucha, mto ukafurika, daraja likasombwa, na sisi tuliokuwa ng'ambo tukabaki kutazama maji yakipita na mahindi ya watu.

Zana ilipaka sentensi hiyo rangi nyekundu, kwamba ni ndefu mno. Naye, mtiifu kama walivyo watahiniwa wengi, akaikatakata:

Mvua ilinyesha usiku kucha. Mto ulifurika. Daraja lilisombwa. Sisi tulikuwa ng'ambo. Tulibaki kutazama maji. Maji yalipita na mahindi ya watu.

Hebu tuhesabu pamoja, maana hapa hesabu ina faida. Nakala ya kwanza ina maneno 20 katika sentensi moja. Ya pili ina maneno yayo hayo 20 katika sentensi sita. Hakuna neno lililopunguzwa, lakini wastani umeshuka kutoka 20 hadi 3 na kitu, na sehemu hiyo pekee ya fomula humwongezea mwandishi takriban alama 17. Zana imefurahi. Je, msomaji?

Tazama vitenzi. Katika nakala ya kwanza, -po- inafungamanisha kunyesha na kufurika. -Ka- tatu zinasukumana kama maji yenyewe, hili likizaa lile. -O- inawatambulisha hao waliobaki. Na -ki- inatuonyesha maji yakiwa bado yanapita huku watu wamesimama. Viambishi sita, na kila kimoja kina kazi. Katika nakala ya pili vyote vimeondoka, na vitenzi sita vimevalishwa sare moja ya -li-. Mvua haihusiani tena na mto. Daraja limesombwa, lakini hatuambiwi limesombwa baada ya nini wala kwa sababu ya nini. Maji yaliyokuwa yakipita machoni petu sasa yamekwisha pita. Mtahini anayetafuta ufasaha ili aamue kama insha hii ni ya kiwango cha B, yaani kati ya 11 na 15, au aishushe hadi C, atasoma nakala ya pili na kudhani mwandishi hajui viambishi vya wakati na hali. Kumbe anavijua! Alivifuta kwa shauri la mashine isiyovijua.

Ndipo nasema kwamba nukta si sentensi. Zana huhesabu nukta, viulizi na alama hisishi. Sarufi tunayoifundisha huhesabu vishazi, nasi tunazo istilahi zake tangu zamani: sentensi sahili, ambatano na changamano. Sentensi ya Kiswahili yaweza kuwa neno moja. Tulimpelekea. Hapo pana mtenda, wakati, mtendewa, tendo na kauli ya kutendea. Kinyume chake, mwandishi wa hadithi aweza kuandika Kimya. na kuweka nukta, pasiwe na kitenzi chochote. Kwa zana, hizo ni sentensi mbili zilizo sawa, neno moja moja. Kwa mhakiki, moja ni tendo zima lenye watu ndani yake, nyingine ni kukosekana kwa tendo, na huenda mwandishi aliiweka pale makusudi ili tusikie ukimya wenyewe.

Pendekezo langu basi ni hili: hesabu vitenzi katika kila sentensi. Kazi hii haihitaji intaneti wala umeme. Chukua ukurasa mmoja wa riwaya, pigia mstari kila kitenzi kilichonyambuliwa kwa nafsi na wakati, kisha andika pambizoni idadi yake kwa kila sentensi. Utapata safu ya tarakimu, tuseme 1, 1, 4, 2, 7, 1. Safu hiyo ina mapigo, na wastani pekee ungeyaficha. Sentensi ya vitenzi saba inapofuatwa na ya kitenzi kimoja, simama hapo uulize kumetukia nini katika kisa. Mara nyingi ndipo penye jambo.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu tunapotahini maswali ya mtindo, majibu mengi huwa ya aina moja: "Mwandishi ametumia sentensi fupi fupi ili kuleta mvuto." Fupi kuliko zipi? Mvuto gani? Ni jibu linaloweza kubandikwa kwenye kitabu chochote duniani, na mtahini alijualo hilo hawezi kulipa alama ya maana. Linganisha na mtahiniwa atakayesema kwamba katika aya ya kukamatwa kwa mhusika fulani, sentensi tano kati ya saba zina kitenzi kimoja kimoja, ilhali aya iliyotangulia, ya kumbukumbu, ilikuwa na vitenzi vinne vinne. Na kwamba badiliko hilo la kasi linaenda sambamba na hofu ya mhusika asiyeweza tena kuunganisha mambo kichwani. Huyu ametoa hoja, ametoa ushahidi, na ameonyesha uhusiano wa umbo na maudhui.

Kwa sisi wa huku, kitabu cha kufanyia zoezi hili kiko karibu. Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996 na iliyowahi kutahiniwa, inamfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale, mji ambao wanafunzi wetu huenda kununua sare na vitabu. Kongowea anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Teua ukurasa ambamo yumo safarini, na mwingine ambamo anamkumbuka mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Gawa darasa mara mbili, kila kundi lihesabu ukurasa wake, kisha wabishane. Sikupi majibu, maana nikikupa utayakariri. Lakini angalia -ka- inatokea wapi kwa wingi na wapi inakosekana. Zoezi lilo hilo litafaa kwa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Katika tamthilia tahadhari kidogo: majina ya wahusika pambizoni na maelekezo ya jukwaani yote huhesabiwa na zana kuwa sehemu ya usemi, na usipoyaondoa kwanza utakuwa unapima kazi ya mpiga chapa.

Ushairi ndio unaoifedhehesha zana kabisa. Tazama vipande hivi viwili nilivyovitunga kwa ajili ya mfano: Mtu mbaya sitaki, na Tabia mbaya sitaki. Kila kimoja kina mizani 8. Katika cha kwanza, m ya mtu ni silabi kamili, na m ya mbaya vilevile, kwa kuwa ni kiambishi cha ngeli ya A-WA: m-tu m-ba-ya si-ta-ki. Katika cha pili, mbaya inakubaliana na tabia, ngeli ya I-ZI, na m hiyo imeungana na b kuwa silabi moja: ta-bi-a mba-ya si-ta-ki. Neno limeandikwa kwa herufi zile zile, silabi zake ni tatu huku na mbili kule. Zana inayohesabu irabu itakupa 6 katika kipande cha kwanza na 8 katika cha pili, na mwanafunzi ataandika kwamba mshairi amekiuka arudhi. Mshairi hajakiuka chochote.

Simaanishi kwamba mashine haiwezi kamwe kufunzwa Kiswahili. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuunda mfumo uitwao SALAMA, ambao hulichambua neno la Kiswahili hadi mofimu zake. Tofauti yake na kurasa za bure tunazofungua kwenye simu ni kwamba ulianzia kwenye sarufi ya lugha yenyewe. Na kwa kuwa watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya 8-4-4 watakuwa wa mwaka 2027, huku mtaala mpya ukihesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi, zana hizi zitazidi kuingia darasani tukitaka tusitake.

Zitumie basi kwa lile zinaloliweza: idadi ya maneno, hasa katika ufupisho na insha za mazoezi zilizopigwa chapa. Hata hapo, kagua mambo mawili kabla ya kuiamini tarakimu. Kwanza ni vifupisho: n.k., k.m., S.L.P. na Dkt. huweza kuhesabiwa kila kimoja kuwa mwisho wa sentensi, au hata mwisho wa sentensi mbili tatu, na barua rasmi yenye anwani mbili itaonekana kuwa na sentensi nyingi kabla mwandishi hajasalimu. Pili ni ritifaa. Baadhi ya programu hulikata neno penye alama hiyo, kwa hivyo ng'ambo ya mwanafunzi wangu ikahesabiwa maneno mawili, na ng'ombe wa insha ya ufugaji wakazaana maradufu bila zizi kupanuliwa. Andika ng'ombe kumi katika mstari mmoja, ubandike, uone zana yako itakupa wangapi.