Istilahi za Simu Kibandani Maruku

Neno 'simu' lilipotufikia kutoka Kiajemi lilikuwa na maana ya waya. Kwa waya huo wazee wetu walipelekeana taarifa, na chombo chenyewe wakakiita kwa jina la waya. Baadaye, sauti ya mtu ilipoanza kupita humo, neno lile lile lilitosha. Hata mitambo isiyokuwa na waya ilipoingia nchini, watu walisema 'simu ya upepo', ambayo kwa kufuata asili ya neno ni waya wa upepo, yaani kitu kisichowezekana. Hakuna aliyelalamika. Leo simu imo mfukoni, waya haupo, na neno linaendelea na kazi yake kama kwamba halikupata kuwa na maana nyingine.

Tunalikumbusha jambo hili mapema kwa sababu uhakiki wa istilahi hapa petu umezoea kuanzia na kumalizikia katika asili ya maneno. Huulizwa: neno limetoka wapi? Limeundwaje? Je, ni la Kibantu au la kigeni? Hayo ni maswali halali, wala hatuyadharau. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, kazi kubwa imefanywa kwa kuyafuata. Lakini yako maswali mengine ambayo hayajaulizwa vya kutosha. Neno likishaundwa, linamfanyia nini yule anayelitumia? Linamwonyesha njia, au linamficha njia? Katika makala haya tutayauliza maswali hayo kuhusu maneno ya simu za mkononi, na tutayauliza Maruku.

Maruku ni kata ya Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera. Wengi wanaijua kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, kinachoshughulika na migomba. Sisi tumeichagua kwa sababu ya kiisimu. Lugha ya nyumbani huko ni Kihaya. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya soko. Kabla ya simu, mama mzee aliyeishi katikati ya kibanja chake aliweza kukaa juma zima bila kuhitaji Kiswahili. Sasa Kiswahili kinamjia mkononi, kimeandikwa, na mara nyingi kinahusu fedha zake. Ujumbe wa kampuni za simu hauandikwi kwa Kihaya. Mahali kama hapo ndipo istilahi hupimwa kwa haki, kwa kuwa msomaji hana mazoea ya kumsaidia kuvuka pale neno linapokuwa na giza.

Majina ya chombo chenyewe hayatatuchelewesha. Orodha zetu zina 'simu ya mkononi' na 'simu ya kiganjani'. Ndugu zetu wa Kenya wakatuletea 'rununu' na 'simutamba'. Kisha ikaja 'simu janja' na, kwa ile kubwa ya bapa, 'kishikwambi'. Kibandani Maruku husikika majina mawili tu: simu ya tachi na kitochi. Hilo la pili linastahili sifa. Simu ndogo ya vitufe imepewa jina la taa yake, kwa kuwa kwa mtu apitaye usiku katikati ya migomba taa hiyo si pambo. Kamati haikukaa kuliunda. Na 'simu janja'? Mjanja katika hadithi zetu ni sungura, na anayecheza na sungura aangalie mkia wake. Huenda neno hilo ni sahihi kuliko walivyokusudia walioliunda.

Tatizo letu ni kwamba orodha hushughulika mno na vitu, ilhali watu hutaja matendo. Chukua 'kubipu': kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili aone namba yako na akupigie kwa gharama yake. Wako waliolishambulia neno hili kuwa ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Sisi tunaona kwamba neno limefuata tendo ambalo halikuwa na jina katika lugha yoyote, kwa kuwa halikuwapo. Tena tendo hilo lina adabu yake. Mtaalamu Jonathan Donner, aliyelichunguza katika nchi jirani ya Rwanda na kuchapisha makala yake mwaka 2007, alionyesha kwamba watu wana kanuni za nani ambipu nani: mwenye uwezo mkubwa zaidi ndiye apigaye, na mwenye shida yake hatakiwi kumbipu yule anayemwomba. Kijana wa Maruku anayajua hayo bila kusoma makala. Akimbipu mjomba wake aliye Mwanza, ameeleweka. Mjomba akimbipu yeye, kuna jambo. Bei ya maongezi imeshuka tangu siku hizo na watu hubipu kwa nadra, lakini kanuni imebaki pamoja na kitenzi chake. Kulifuta neno na kuweka 'kudokeza' kungekuwa ni kufuta kanuni pia.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Koo na familia za Maruku, ambazo watoto wao wametawanyika Dar es Salaam, Kampala na ng'ambo, hukutana katika makundi ya WhatsApp, hasa kwa michango ya misiba na harusi. Kwa makundi hayo wataalamu wamependekeza jina zuri, 'kundi sogozi', kutokana na kusogoa, na tunaliunga mkono ingawa bado ni la kwenye karatasi. Lakini mtu anapotoka katika kundi husemwa 'amelefti'. Sikio la mhakiki hushtuka. Je, hatuna 'kujitoa'? Tunalo, na hapo ndipo penye kisa. Kujitoa katika ukoo ni neno zito. Husemwa juu ya mtu aliyekataa kuzika na kuzikwa. Aliyechoshwa na picha za maua za kila asubuhi hajajitoa katika ukoo. Amelefti tu, na kesho mwenyekiti atamrudisha. Neno la kigeni limeazimwa makusudi kwa kuwa ni jepesi. Mwenye kamusi akilikemea bila kuuliza kwa nini lipo, atakuwa amewatwika watu dhambi ambayo hawakuitenda.

Si kila neno safi ni jema, vilevile. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliipiga Bukoba na vijiji vyake. Mtoto aliye mbali apigapo simu siku kama hiyo na asipate jibu, husikia sauti ya utulivu ikimwambia kwamba mteja anayempigia hapatikani kwa sasa. Kiswahili chake hakina kasoro. Lakini mtoto huyo hakumpigia mteja, alimpigia mama. Katika matumizi ya zamani, mteja ni mgonjwa aendaye kwa mganga. Baadaye akawa mnunuzi wa mara kwa mara. Kampuni inamwita hivyo kwa kuwa ni mteja wake yenyewe, na inatulazimisha sote tumtazame kwa jicho lake. Wakenya wamelipiza kisasi kwa mzaha: mtu asiyepatikana husema 'yuko mteja'. 'Namba unayopiga haipatikani' ingetosha, wala isingemgusa mtu.

Hata hivyo, ni katika fedha ambapo maneno ya simu yamekuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, baada ya kutangulia Kenya mwaka 2007, kibanda cha wakala kimekuwa benki ya kijiji na, kwa maoni yetu, darasa la lugha. Hapo ndipo tulipomsikia bibi mmoja akimwagiza mwanawe kwa simu: 'Tuma elfu ishirini na ya kutolea.' Maneno mawili, 'ya kutolea', yana maana ya ada atakayotozwa mpokeaji achukuapo fedha taslimu, ambayo mtumaji mwenye heshima huiongeza juu. Tulijaribu kuitafutia istilahi fupi kuliko hiyo, tukashindwa.

Vivyo hivyo neno 'muamala'. Kwa asili yake ya Kiarabu ni kutendeana, jinsi watu wanavyohusiana katika shughuli zao. Kwa miaka mingi lilikaa katika vitabu vya fedha na sheria, na tungeweza kuapa kwamba halitatoka humo. Simu zimelitoa. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, kisha ikapunguzwa mwaka huo huo na tena mwaka 2022, neno lilikuwa kinywani mwa kila mtu, na leo kijana atasema 'muamala umesoma', yaani fedha zimefika. Waliozoea kudai kwamba mwananchi hawezi maneno magumu na walitafakari hilo. Mwananchi huliweza neno lolote linalogusa mfuko wake.

Tulinganishe tena 'namba ya siri' na 'nywila'. Ya kwanza ni maneno ya kawaida yaliyounganishwa, na ndani yake mna onyo: ni siri, usimwambie mtu. Ya pili ni fupi, inapendeza katika orodha, na haimwonyi yeyote. Bibi wa Maruku akiulizwa na sauti asiyoijua ampe namba yake ya siri, neno lenyewe litamkumbusha kunyamaza. Akiulizwa nywila, hana cha kumkumbusha. Tungeshauri kwamba katika mambo ya fedha ile ya kwanza isiguswe.

Matapeli, kwa bahati mbaya, wanaijua sarufi yetu kuliko baadhi yetu. Nani hajapata ujumbe usemao 'ile pesa tuma kwenye namba hii'? Nguvu yote imo katika kionyeshi 'ile'. 'Ile' humwambia msikilizaji kwamba jambo tayari linajulikana baina yetu wawili. Hausemwi uongo wowote unaoweza kukanushwa. Msomaji mwenyewe, kama kweli alikuwa na mtu wa kumtumia fedha siku hiyo, hulijaza pengo. Ingekuwa vyema walimu wetu wafundishapo vionyeshi wautumie ujumbe huo kama mfano.

Sasa tufike kwenye mikopo ya simu, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike. Wenyeji wa Kagera wana neno 'butura'. Mkulima mwenye haja ya haraka, labda ada ya shule au ugonjwa, huiuza kahawa yake ingali maua au mbichi mtini, kwa bei iliyo chini mno ya ile ya msimu. Mavuno yakifika, mwenye fedha huja kuchukua chake. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na bado haijakoma. Lakini angalia kazi ya neno. Kusema 'ameingia butura' si kutoa taarifa tu. Ni kuhukumu, ni kuonya, ni kumhurumia mtu kwa pamoja. Anayeingia butura anajua anakoingia, kwa kuwa lugha imekwisha kumwambia.

Leo mkulima huyo huyo anaweza kukopa kwa simu akiwa kitandani, bila shahidi. Majina ya huduma hizo ni vitenzi vya upole: 'songesha', 'nivushe'. La kwanza humsukuma mtu mbele. La pili humvusha kama abiria wa kivuko, na hakuna aliyewahi kumshuku nahodha kwa kumvusha. Katika ujumbe mwingi tuliosomewa kibandani neno 'riba' halimo. Lipo 'ada', 'gharama ya huduma', na 'kiasi unachostahili'. Tafakari hilo la mwisho. Mtu hustahili tuzo au mshahara. Je, deni nalo hustahiliwa? Hatusemi kwamba mikopo hii ni butura. Ina sheria zake, na imewaokoa wengi siku ya shida. Tunasema kwamba butura ina jina linalosema ukweli, na mkopo wa simu bado haujapata lake.

Yako maoni kwamba hilo si kazi ya mwanaistilahi. Kwamba yeye huunda neno na kuliacha liende, na mkataba ni wa mwanasheria. Hatukubaliani nayo. Ikiwa tuliweza kukaa vikao vya kuamua kama chombo kiitwe tarakilishi au kompyuta, na watu wakachagua kompyuta bila kutungoja, basi tunaweza kukaa kikao kimoja juu ya maneno matano yanayomkata mkulima fedha kila mwezi.

Watu wenyewe wamekwisha kuanza. Kila kinachopungua katika salio, kiwe ada, kodi, tozo au rejesho la mkopo, Maruku hukiita 'makato', na mkatwaji husema 'wamenikata'. Neno ni zuri, lina uchungu wake wa haki, ila limevikusanya pamoja vitu ambavyo mlipaji anapaswa kuvijua kimoja kimoja. Pendekezo letu ni kwamba Baraza lizitake kampuni zitumie 'makato' kama jina kuu, na chini yake kila kato litajwe kwa jina lake, riba ikiitwa riba. Ujumbe wa mkopo wa shilingi 10,000, tuseme kwa riba ya 1,000, ungesomeka hivi: 'Umekopa shilingi 10,000. Riba ni shilingi 1,000. Baada ya siku 30 tutakukata shilingi 11,000.' Tulimsomea bibi wa kibandani sentensi hizo tatu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama bado anaweza kukataa.