Usalama, Ulinzi na Faragha katika Mawasiliano ya Magari

Neno "usalama" limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika tafsiri zihusuzo magari yanayopashana habari kwa redio. Hutumika kwa kuepusha ajali, kwa kuzuia ujumbe wa uongo, hata kwa kusitiri nyendo za dereva. Hayo ni mambo matatu mbalimbali.

Katika mfumo uliobuniwa Marekani, gari hutangaza mahali lilipo, mwendo na uelekeo wake mara 10 hivi kwa sekunde. Tangazo hilo halifichwi, kwani magari jirani sharti yalisome. Hutiwa sahihi tu, kwa kiwango cha IEEE 1609.2, ili mwongo asisadikiwe. Lakini cheti kisichobadilika kingeonyesha njia zote za gari. Ndiyo maana vyeti hubadilishwa mara kwa mara.

Kwa hiyo hatuafiki neno "usiri" litumike kwa maana ya faragha. Mtunga kanuni atakayeagiza matangazo hayo yawe ya siri atakuwa ameyaziba magari masikio. Twapendekeza "usalama" libaki kwa kuepusha ajali, "ulinzi" kwa kuzuia hila, na "faragha" kwa haki ya kutofuatiliwa. Cheti cha muda nacho kiitwe "cheti cha lakabu", kwa kuwa lakabu humtambulisha mtu pasipo kutaja jina lake.